Sufuria Zilizotangulia Mlimani

Jumatatu, tarehe 14 Agosti 2023. Asubuhi ilikuwa ya baridi, hakuna upepo, na ukungu ulikuwa umelala bondeni nje ya Kabanga hata migomba haikuonekana. Josiane Nduwayo hakuupenda utulivu huo. Yeye ni msimamizi wa mitambo ya baridi katika kiwanda cha nyama kilicho juu kidogo ya bonde hilo, na baridi ya kiwanda hutokana na gesi ya amonia. Amonia ikivuja siku ya upepo, hutawanyika. Ikivuja asubuhi kama ile, hutambaa chini kama moshi wa nyasi mbichi na kuteremkia nyumba za watu. Huchoma macho, hubana koo, na ikizidi huua.

Josiane ni binti wa Mhangaza wa Ngara na mama aliyetoka Burundi. Mama yake alifariki mapema, akalelewa na dada wa mama huyo, Priscila Nyandwi, anayemwita mama mkubwa. Alisomea ufundi wa majokofu katika chuo cha VETA, akafanya kazi katika viwanda vya samaki Mwanza, kisha akarudi kilipofunguliwa kiwanda hiki kinachochinja ng'ombe na mbuzi wa kutoka Kaniha na Nyamahanga. Ni mfupi, sauti yake ni ya chini. Akiingia chumba cha mitambo hasemi na mtu mpaka amalize kuzisikiliza kompresa zote, mashine zinazosukuma amonia mabombani.

Lakini kazi iliyomtoa jasho haikuwa ya kompresa. Mwezi Juni alifanya zoezi la kwanza la kuwaondoa watu wa kitongoji kilicho chini ya kiwanda. Maelekezo yalikuwa mafupi: king'ora kikilia, acha ulichoshika, panda njia ya mlimani hadi kwa mwenyekiti wa kitongoji, Celestini. King'ora kikalia. Watu wakakimbilia ndani. Walipotoka walikuwa na magodoro, majembe, sufuria na magunia ya maharage vichwani. Josiane alimkuta mama mkubwa wake amepiga magoti juu ya mzigo, anaufunga.

"Mama mkubwa, saa hizi ungekuwa maiti!"

"Shikamoo imeenda wapi?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Nishikie hapa, fundo linateleza."

"Hakuna kufunga! Unatoka mikono mitupu."

"Mikono mitupu nilitoka mara moja," alisema Priscila, akaendelea kufunga. "Inatosha."

Meneja alisema watu wale ni wakaidi, mwenyekiti awape onyo. Josiane alimwomba asubiri. Hadithi ya mama mkubwa aliijua tangu utotoni. Mwaka 1993 Priscila alikimbia vita Burundi, akavuka mpaka na watoto bila chombo chochote. Kila jioni alingoja majirani wapike, wale, waoshe, ndipo aazimwe sufuria. Watoto wake walikula wakati wenzao wamelala. Nusu ya kitongoji kile wana hadithi kama hiyo, na waliwafundisha watoto wao kwamba asiyebeba chake ataomba.

Basi Josiane hakurudia kuwaambia waache vyombo. Aliwaambia wavitangulize. Celestini alitoa ghala lake la mahindi, kiwanda kikatoa blanketi, na kila nyumba ikatakiwa kupeleka huko sufuria moja na maharage kidogo. Siku ya kwanza ghala lilijaa masufuria meusi yasiyo na masikio, mengine yametoboka. Josiane aliyaangalia moja moja, akayarudisha yote.

"Leteni mnazozipenda," aliwaambia. "Ile nzuri ikibaki nyumbani, utairudia, na gesi itakukuta mlangoni."

Walinung'unika, wakaleta. Priscila peke yake alikataa. Alikuwa na sufuria kubwa yenye mfuniko, aliyoinunua kwa pesa ya kahawa yake ya kwanza Tanzania.

"Mke wa Celestini ataitumia kupikia sherehe," alisema.

"Kwangu sherehe iko wapi, mama?" alijibu Celestini. "Hata mimi mwenyewe nasubiri kualikwa."

"Ndiyo maana siileti. Mwenye njaa halindi sufuria."

Josiane alirudi kwake mara kadhaa. Jibu lilikuwa lile lile: "Nitafikiri."

Asubuhi ile ya Agosti, ukungu ungali bondeni, paking ya vali moja karibu na tangi kubwa, kile kizibo kinachozuia gesi kupenya, ilipasuka. Harufu ilifika kabla ya mlio. Josiane alizima mitambo, akawasha king'ora, akawatoa wafanyakazi wote. Alibaki na fundi mwenzake, Jean Paul, wakivaa barakoa zenye mitungi ya hewa. Wingu jeupe lilikuwa limeshapita uzio, linashuka.

"Dada, nenda kamwangalie mama yako," Jean Paul alisema. "Vali nitaifunga mimi."

"Ukianguka humo peke yako, nimtafute nani kwanza? Vaa."

Hakutazama tena upande wa nyumba. Jean Paul alinyunyiza maji hewani ili kulikata wingu, naye Josiane akaingia chini ya mabomba, akashika usukani wa vali kuu na kuuzungusha. Ulikuwa mgumu kwa baridi. Aliuzungusha mpaka ukakataa kwenda zaidi, akasikiliza. Mvumo wa gesi ulikuwa umekoma.

Hewa ilipokuwa salama alipanda mlima bila kupumzika. Kwa mbali alisikia sauti akiwa bado njiani: mtu anamgombeza mke wa Celestini kwamba maharage hayapikwi kwa maji kidogo hivyo. Priscila alikuwa amekaa juu ya jiwe, kiatu kimoja mguuni, na mbele yake ile sufuria kubwa ikichemka.

"Imefika lini hapa?" Josiane aliuliza.

Celestini alicheka. "Jana Jumapili, baada ya misa. Kaifunika kitenge kama mtoto mchanga. Akasema nikimwambia mtu, kura yake nisahau."

"Nimekuja mikono mitupu," Priscila alisema bila kumtazama. "Umeridhika?"

"Nimeridhika, mama mkubwa."

"Basi kaa ule."

Hakuna aliyekufa. Aliyeumia ni mzee mmoja wa kitongoji, Nkeshimana. Alichelewa kwa sababu alikuwa akifungua mbuzi wake, akafika macho yamevimba, kamba bado mkononi. Walimwosha macho kwa maji mengi, akapelekwa kituo cha afya, akarudi jioni anaona.

Kesho yake asubuhi Josiane na Jean Paul walibadilisha paking ya vali ile na kuzikagua vali nyingine zote zilizofungwa wakati mmoja nayo. Kisha Josiane alishuka bondeni kwa mzee Nkeshimana. Alimwamkia, akaomba kuonyeshwa mbuzi wanavyofungwa. Akakuta kila mmoja ana fundo gumu lililokazwa mara mbili. Alichutama zizini, akachukua kamba ya beberu, akamfunga kwa fundo la kitanzi linalofunguka kwa mvuto mmoja, akamwomba mzee ajaribu kulifungua akiwa amefumba macho, kama itakavyombidi siku ya gesi.