Kitabu cha Viwango Tusichokinunua

Mwaka ule baba yangu, fundi redio wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini Bujumbura, alikuwa amekata shauri: nipelekwe Kigoma kwa shangazi nikauze vitenge. "Hapa kazi iko wapi?" alisema. "Mi sitaki mutoto wangu akae hapa kusikiliza mabunduki bure." Mimi nilikuwa nimetoka chuo, kule juu upande wa Mutanga Sud, nikijua kuchora vile vibao vya kijani unavyoviona ukifungua redio. Kigoma sikutaka hata kuisikia. Nilinuna wiki nzima, na nikinuna mimi hata paka anahama.

Aliyenipa nafasi ni jirani yetu wa siku nyingi, mfanyabiashara wa asili ya Kiomani, mwenye duka la taa na betri mjini. Umeme ulikuwa unakatika ovyo, na watu wenye paneli za jua walikuwa wanaunguza betri zao. Alitaka kibao kidogo cha kuzilinda. "We chora," akaniambia. "Mi nikienda Dubai napeleka mchoro kiwandani. Vikitoka vizuri, kazi ni ya kwenu." Baba akakuna kichwa. "Haya. Vikija vizima, unabaki. Vikija vibovu, Kigoma, na sitaki kelele."

Nilichorea kwenye kompyuta kuukuu, kwa programu huria, yaani ile inayoandikwa na watu wa kujitolea popote duniani na kugawiwa bure. Kifaa kimoja nilichokihitaji hakikuwamo kwenye maktaba yao ya michoro, ikabidi nikichore mwenyewe. Kila kifaa cha redio kina miguu, na kila mguu unahitaji kipande cha shaba cha kuukalia. Shaba ikizidi au ikipungua, risasi ya kulehemu haishiki. Vipimo vyote viko ndani ya kitabu cha viwango ambacho viwanda vinakifuata, nacho kinauzwa ghali, na kunakili hata ukurasa mmoja ni marufuku. Wale wa programu walikuwa wamekubaliana kwamba kila mchoro utakaoingia kwenye maktaba yao lazima ufuate kitabu hicho, ilhali wengi wao hawajaona hata jalada lake. Nilikwenda kwenye duka la intaneti nikawaandikia Kifaransa kikali: mnataka nitii sheria nisiyoruhusiwa kuisoma? Mko wazima kweli?

Akanijibu mzee mmoja wa Ubelgiji, mpole kupita kiasi. Kitabu alikuwa nacho, alikipata kazini kwake. Kunakili hawezi, alisema, lakini nikimtumia mchoro wangu ataniambia kama unakubaliana na kitabu au haukubaliani. Ndiyo au hapana, basi.

Nilimsimulia mama huku nimefura kwa hasira. Mama akaangua kicheko. "Si kitendawili hicho!" Tangu siku hiyo, kila nikirudi kutoka duka la intaneti, ananingoja uani na ungo wake wa maharage.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mguu mufupi, shaba yake ndefu kiasi gani?"

Nami namsomea jibu la mzee: hapana.

"Umeshindwa! Nipe muji!"

Nikampa Rumonge. Akafumba macho, akatafuna hewa. "Nimekwenda Rumonge, nimekula samaki mukeke na mawese, nimeshiba, na jibu silijui!"

Nikampa Gitega, Ngozi, Muyinga. Huko milimani watu walikuwa wanauana kwa ajili ya miji, na mama yangu anagawiwa yote bure akiwa amekaa kwenye kigoda. Tulicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna arusi gani. Baba peke yake hakucheza. Alikuwa mezani kwake, na mimi nilijua anahesabu nauli ya Kigoma.

Siku nilipompa mama Bujumbura yenyewe, nilikuwa sina mji tena, na jirani alikuwa anasafiri Ijumaa inayofuata. Sikucheka. Nilikaa kwenye mlango wa karakana ya baba.

Baba alikuwa anabadilisha kifaa kwenye redio ya mteja. Kipya kilikuwa cha aina ileile, lakini cha kiwanda kingine, na miguu haikukaa. Akaikunja, akaisukuma, akasonya. "Hawa watu nao, kila mutu anatengeneza ya kwake!"

Nilisimama wima. "Baba! Rudia ulichosema!"

"Nimesema nini?"

Mimi nilikuwa nimepima kifaa kimoja tu, kile nilichokuwa nacho, kama mtu anayeshona sare za shule nzima kwa kipimo cha mtoto mmoja! Nikalimwaga kopo lake la vifaa vya redio mbovu juu ya meza. Akafoka, "Eh! We iko na wazimu?" Lakini alipoona ninachotafuta, akavuta kiti. Tulipima mchana kutwa, yeye anataja, mimi naandika, kinene na chembamba, mpaka tukapata shaba ambayo mdogo ataikalia na mkubwa ataikalia. Nikatuma.

Ndiyo, aliandika mzee. Na mchoro ukaingia kwenye maktaba, autumie yeyote duniani bila kuomba. Nilipiga vigelegele mle kwenye duka la intaneti mpaka mwenye duka akanionyesha mlango. Nyumbani mama alipiga makofi, kisha akakunja uso. "Sasa mi nitasafiri wapi?"

Jirani aliporudi, vibao vilikuwa vimefungwa kwenye gazeti la Kiarabu. Baba alinisogezea chuma cha kulehemu, akafunga mikono kifuani. Nikaanza kulehemu. Risasi ikashika kila mguu. Tukaunga paneli na betri, kataa kekundu kakawaka, na alasiri, betri ilipojaa, kakazima kenyewe. Alhamdulillahi! Nilimrukia mama shingoni.

Baba alivaa kofia yake, akatoka. Nikamfuata hadi kwenye kibanda cha simu. Alikuwa ameshika mkono wa simu kwa mikono miwili, anapiga kelele kwa sababu laini ya Kigoma ilikuwa mbaya, na mimi nilimsikia shangazi kutoka kule nje nilikosimama akilalamika kwamba kitanda keshanunua.

"Apana, dada," baba akasema. "Mutoto hajakataa. Ni mi. Fundi wangu simutoi."