Niliwaandalia Watoto Wangu Likizo ya Ziwani, Nikapiga Makasia na Mfuko wa Mchanga

Mama mwenye nyumba alifungua mlango wa chumba, mimi nikabaki nimeganda pale kizingitini.

Vitanda vitatu. Vifupi, vya mbao, vina vizuizi pembeni ili mtu asianguke akilala. Juu ya kila mto kuna mdoli.

"Hivi ni vya nani?" nikauliza.

"Si vya watoto wako, baba? Ulisema kwenye simu unakuja na watoto watatu."

Jamani! Mtoto wangu wa kwanza ana ndevu zinagusa kifua. Huko anakotengeneza lifti wanamwita Ndevu, na siku hizi hata mimi namwita hivyo hivyo. Wa pili ni binti, muuguzi, kazi yake kuchoma watu sindano. Kitinda mimba yuko chuo na ananizidi kimo.

Mama yule alicheka mpaka akashika ukuta.

"Basi tusilaumiane. Mtoto kwa mzazi hakui. Wako wapi sasa?"

"Wako njiani," nikasema.

Hawakuwa njiani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anakuja.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi ni fundi cherehani. Mke wangu alipokuwa hai, simu za watoto zote zilikuwa zake. Mimi nilikuwa napewa salamu za mwisho mwisho. "Msalimie baba." Nami najibu huku nakanyaga cherehani, "Waambie nimezipata." Nikaridhika, nikajua nina watoto.

Alipofariki, simu nazo zikakatika. Na wao kwa wao hawapigiani. Kumbe yule mwanamke ndiye alikuwa uzi, sisi wengine vipande tu vya kitambaa.

Ndipo nikapata wazo la likizo ya ziwani. Sikutaka ile ya kukaa kivulini na kunyoosha miguu, maana vijana wangeniona nimezeeka. Asubuhi makasia. Mchana baiskeli kuzunguka ziwa. Kesho yake kupanda kilima, jioni kuogelea. Nikafungua kundi kwenye simu, nikaliita "Ziwani na Baba", nikamwaga mipango yote humo.

Wakanijibu kwa dole gumba, wote watatu.

Mimi mzee wa watu nikajua dole gumba ni ndiyo. Nikashona kofia nne za kitambaa kimoja, za bluu, zenye kivuli kipana mbele, picha yake nikaituma humo humo kundini.

Siku ya kuondoka ilipokaribia, binti akapiga.

"Baba, shikamoo. Zamu yangu imebadilishwa, sitaweza kuja. Lakini wenzangu si wapo?"

"Marahaba mwanangu. Wapo, usijali."

Nikakata simu, nikajikaza kisabuni.

Kitinda mimba naye akapiga, anaongea kwa kunong'ona. Kapata kibarua cha likizo. "Baba, usimwambie dada, atanisema mpaka nikome. Si mtakuwa wengi lakini?"

"Tutakuwa wengi."

Ndevu hakupiga. Aliniandikia mimi peke yangu, si kundini, "Nimebanwa kazini, baba. Mfurahi."

Mngeniuliza kwa nini sikusema ukweli, ningewajibu kwamba sikutaka mtoto aje kwa kunionea huruma. Huo ndio ukweli wangu. Nyumba nilishaikodi, kofia nilishazishona. Nikabeba begi langu nikaenda.

Nikalala kwenye chumba cha wazazi. Asubuhi nikaingia kile chumba cha pili na kuweka kofia moja moja juu ya kila kitanda. Sijui nilikuwa namdanganya nani.

Ufukweni nikamkuta mwenye mitumbwi ya kukodisha. Iliyobaki ni ya watu wawili.

"Mzee, ukikaa peke yako nyuma, pua ya mtumbwi itapanda juu, utazunguka hapo hapo kama kuku aliyekatwa kichwa. Mwenzako yuko wapi?"

"Hayupo."

Akafikiri. Akaenda nyuma ya banda, akarudi na mfuko wa mchanga, akauketisha kiti cha mbele. Kwa utani akaufunga jaketi la kuelea. Lilikuwa la mtoto.

Basi nikaingia majini na mwenzangu. Maji yametulia, watu wako mbali, wanacheka na familia zao. Nilipochoka nikajikuta nausema ule mfuko, "Na wewe piga makasia, usinitegee!" Halafu sauti yangu ikanitia aibu.

Simu ikalia. Binti.

"Baba, mko wapi?"

"Katikati ya ziwa, mama. Tunapiga makasia."

"Uko na nani?"

Nikautazama mfuko. "Na kaka yako."

"Kweli? Mpe niongee naye! Muda mrefu sijamsikia."

Nyie! Nilitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Mikono imemlowa," nikasema.

"Basi weka sauti kubwa nimsalimie."

Nikaweka. Akaita, "Kaka! Kaka, hujambo?"

Ziwa kimya. Mfuko kimya.

"Unamjua kaka yako," nikasema, "si muongeaji."

Hakucheka. Akasema, "Sawa baba," akakata.

Pale ndipo nililia. Sioni haya kusema. Nililia mtu mzima na ndevu zangu za mvi, mbele ya mfuko wa mchanga.

Siku ya pili sikwenda kupanda kilima. Nilikaa kutwa kwenye kibaraza cha nyuma. Mchana hodi ikapigwa, nikadhani ni mama mwenye nyumba amefuata vyombo.

Alikuwa Ndevu, bado kavaa ovaroli ya kazini.

"Nimekuja kuchukua kofia yangu," akasema.

Nikamvuta ndani kwa mkono.

"Dada alinipigia kunigombeza, baba. Eti nimemnunia kwenye mtumbwi. Nikamwambia, mtumbwi gani? Mimi niko juu ya lifti. Tukampigia mdogo wetu, naye hayupo huko. Ndipo tukaelewa." Akafuta uso kwa mkono wa ovaroli. "Baba, tangu mama afe hatukuwahi kuongea watatu. Tumeongea jana, tukikutafuta wewe."

Wale wengine wawili hawakuweza kuja. Nisiwadanganye kwamba walikuja.

Nikamwonyesha chumba. Akavitazama vitanda, akaitazama midoli, akacheka kile kicheko cha mama yake. Akajilaza, miguu ikaning'inia nje kuanzia magotini. Safari ilikuwa imemchosha, akalala hapo hapo, kofia ya bluu usoni.

Nilikaa kwenye kitanda cha jirani nikimtazama. Machoni pangu kile kitanda kilimtosha.

Ndugu zangu, wazazi wenzangu, mimi sina mafunzo mengi. Mtoto wako akikuuliza uko na nani, na huna mtu, mjibu hivi: niko peke yangu, njoo.