Mume Wangu Alisema Nimekubali

Admin, jina langu lifiche. Nina miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Arua, Uganda. Mume wangu ni wa hapa Juba. Tulikutana akiwa mkimbizi kwetu, na mkataba wa amani ulipotiwa sahihi nikamfuata. Tunaishi mtaa wa Gumbo. Nilikuwa nawauzia madereva wa malori chai na chapati kando ya barabara ya Nimule, iendayo mpaka wa Uganda, na kwa kuongea nilikuwa sichoki.

Mwaka jana nilipata kiharusi nikiwa nakanda unga. Mkono wa kulia ukalegea, maneno yakakatika. Daktari alieleza kwamba sehemu ya ubongo inayoongoza ulimi ndiyo iliyoumia, akili haijaguswa. Naelewa kila kitu. Nikitaka kusema maji, inatoka "ba, ba". Wateja walidhani nimelewa, wakaacha kuja.

Mume wangu hakunikimbia. Ananiogesha, ananilisha, ananifulia. Wageni wakija yeye ndiye ananijibia. Mwanzoni nilishukuru.

Mwezi uliopita dada yake alikuja kutoka Nimule kumchukua binti yetu Poni, wa miaka sita, akakae kwake. Alisema mtoto hawezi kukua na mama asiyeongea. Pasta wetu alikuwepo, akanigeukia: "Mama Poni, wewe umekubali?"

Nilisukuma neno hapana kwa nguvu zote. Ikatoka "ba, ba". Nikatikisa kichwa, lakini kichwa changu hutikisika kila ninapojaribu kusema, hakuna aliyejali.

Mume wangu akasema, "Amekubali."

Poni alinitazama, akabeba mfuko wake, akapanda gari. Sikulia. Mpaka leo sijalia. Nakaa tu, nakula nikipewa.

Wiki hii nimeweza kuandika kwa simu, kwa kidole cha mkono wa kushoto. Nikamwandikia: SIKUKUBALI. MRUDISHE PONI. Akasoma, akanirudishia simu, akaendelea kunichana nywele.

"Pumzika," akasema. "Ugonjwa unakuchanganya."

Nimemwandikia kaka yangu aliye Arua. Yuko tayari kuja kutuchukua, mimi hapa na mtoto kule Nimule. Nikienda, namwacha mtu aliyenisafisha mwaka mzima bila kulalamika. Nikibaki, binti yangu atakua akiamini nilimtoa mwenyewe.

Ujumbe huu nimeuandika siku tatu. Kaka anasubiri jibu. Kama ningekuwa dada yenu wa tumbo moja, mngeniambia nifanye nini?