Spana ya Kitambaani

Jumatatu nilisukuma pikipiki hadi gereji moja hapa Mpanda. Nati ya tairi la nyuma ilikuwa imeshika kutu, na mimi nilikuwa na safari ya Mwese. Nikawakuta mafundi wawili wanabishana kuhusu spana.

"Hii ni ya Mjerumani," alisema fundi mnene, akifunua kitambaa taratibu kama anaonyesha mtoto mchanga. "Elfu arobaini, moja tu. Lakini ina garantii. Ikivunjika wananipa mpya."

"Wanakupa wapi?" akauliza mwembamba, ambaye spana yake ya Kichina ya elfu tatu ilikuwa inaning'inia kwenye mfuko wa nyuma wa suruali.

"Dar."

"Kwa nauli hiyo si unanunua za kwangu gunia zima?"

"Ndiyo maana siivunji."

Nikawaomba wabishane huku wananifungulia nati. Mnene akaitazama ile kutu, akaitazama spana yake, akaifunga tena kitambaani. Kisha akamnyooshea mwenzake mkono.

"Hebu niazime ya kwako."

Akaipachika kwenye nati, akaielemea kwa uzito wake wote. Spana ikateleza, ikala kona zote za nati, ikaiacha duara kama kitumbua.

"Unaona?" akasema mwembamba, akiigeuza spana yake juani. "Na haijavunjika."

Nikauliza nati yangu nayo ina garantii gani. Hapo ndipo walipokubaliana kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Nati ni ya mteja, bosi."

Mwese sikufika. Spana ya Mjerumani haina hata mkwaruzo.