Jina la Saba

Katika daftari la akina mama wa kanisa moja la milimani, juu ya mji wa Kilosa, chini ya tarehe 17 Agosti 1974, yameandikwa majina saba ya wanawake waliokwenda kutazama sinema. Jina la saba ni la mwandishi wa daftari lenyewe, Letisia Ulimboka, mwenyekiti wao.

Letisia ana miaka hamsini na tatu. Ni mjane, analima mahindi na maharage kwenye mteremko uliofyekwa na babu yake, na ameongoza akina mama hao tangu mwaka wa Uhuru. Katika kanisa lake sinema ni mambo ya walevi. Anayeonekana huko huketi benchi la nyuma mwezi mzima na hashiriki meza ya Bwana. Kwa hiyo Jumamosi ile, aliposikia kwamba gari la sinema la serikali limefika uwanja wa mpira wa Kilosa, alichukua daftari na kalamu akateremka. Alikwenda kukamata watu.

Nyumbani alikuwa ameacha shauri zito zaidi. Operesheni ya vijiji ilikuwa imefika kilimani kwao. Kaya zote zilitakiwa kuhamia kijiji kipya karibu na Chanzuru, na lori lingekuja tarehe 4 Septemba. Mwanawe Samweli, balozi wa nyumba kumi, alikuwa amemwomba mara tatu afungashe, akijua kwamba nyumba itakayobaki na mtu itaezuliwa paa. Mara tatu alikataa.

Hakuwa na ugomvi na kijiji kipya. Kisima kingekuwa karibu, zahanati nayo karibu, hayo aliyakubali. Shida ilikuwa kaburi la mumewe, Yeremia, nyuma ya jiko. Kwao mtu haondoki nyumbani bila kuaga, walio hai na waliozikwa, na anayeagwa huambiwa unakwenda wapi na utarudi lini. Kwa miezi miwili Letisia alisimama pale kila asubuhi akitafuta la kusema. Tarehe ya kurudi hakuwa nayo.

Pale uwanjani, jua lilipozama, ilianza filamu ya kuchimba vyoo. Letisia aliandika majina sita upesi, la kwanza likiwa la Yunis, mwimbaji wa sauti ya pili. Kisha ikaja picha ya kauboi, ya zamani, isiyo na rangi, mkanda umekwaruzika. Mkalimani wa gari, Kasian, alisimama kando na kipaza sauti akieleza kwa Kiswahili. Letisia aligeuka aondoke. Kilichomrudisha ni ng'ombe: hakuwa amewahi kuona mtu mzima akichunga huku ameketi juu ya mnyama mwingine.

Picha ilihusu watu waliohama na mikokoteni yenye maturubai kwenda nchi wasiyoijua. Njiani mwanamume mmoja anafariki kwa homa. Wanamzika katikati ya njia, kisha wanapitisha mikokoteni yote juu ya kaburi, ili mbwa mwitu wasigundue udongo mpya. Mjane wake anasimama kando mpaka gurudumu la mwisho lipite. Kasian akasema kwenye kipaza sauti, "Mama anasema, sikuachi wewe, naacha udongo tu."

Letisia alikuwa ameketi chini bila kujua ameketi saa ngapi. Yunis, safu mbili mbele, akageuka.

"Mwenyekiti," alimwuliza, "kalamu imekauka?"

Wenzake wakacheka. Letisia aliinama akaandika jina lake mwenyewe. Kesho yake kanisani aliyasoma yote saba, akaenda kuketi nyuma pamoja nao.

Jumatatu alipanda basi kwenda Mikumi, gari la sinema lilikohamia. Alikusudia kuyasikia maneno yale tena, ayashike sawasawa, aje ayaseme kwa Yeremia. Kwa Samweli alisema tu kwamba anakwenda kutazama picha. Samweli alidhani mama yake ana homa.

Mikumi shuka lilitundikwa kwenye ukuta wa ghala. Letisia alisimama mbele kabisa. Mikokoteni ikapita, mjane akasimama, na Kasian akasema, "Mama anasema, haya twendeni, jua linazama."

Picha ilipoisha alimfuata mkalimani aliyekuwa akikunja nyaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kule Kilosa yule mjane alisema vingine."

Kasian hakubisha. Alieleza kwamba mjane yule hasemi neno lolote pale. Midomo yake haifunguki. Lakini yeye akinyamaza, watu hudhani mashine imeharibika, wanaanza kupiga miluzi. Basi katika kila mji yeye humwekea mjane neno, lolote linalomjia. Letisia alipomkumbusha yale ya Kilosa, alisema hata hayakumbuki, ila ni mazuri, atayatumia tena.

"Usiyatumie," Letisia alisema. "Kesho ukifika pale, nyamaza."

"Watapiga miluzi, mama."

"Wapige."

Alilala kwa binamu yake, Agnesi, na Jumanne akaitazama picha mara ya tatu. Walipofika kwenye kaburi Kasian alishusha kipaza sauti. Miluzi ilikuwa mikali, na mtu mmoja alidai mashine ipigwe kofi. Letisia alitazama midomo ya mjane. Haikufunguka. Alitazama mikono: ilishika ncha za shali, ikaziachia, ikashika kamba ya ng'ombe. Kisha mjane akaanza kutembea.

Aliporudi nyumbani alimwambia Samweli alete magunia.

Tangu siku hiyo asubuhi husimama nyuma ya jiko kama zamani, muda mfupi, hasemi kitu, kisha huenda kufunga mizigo. Vyungu amevifunga kwa majani ya migomba. Akiulizwa kuhusu picha ile, husema ni nzuri na angeitazama tena kama ingerudi Kilosa, ingawa wale farasi wamekonda na mwenye nao anaona tu.

Lori litafika Jumatano saa mbili asubuhi, na Letisia atapanda. Jumapili itakayofuata ataketi benchi la nyuma katika kanisa la kijiji kipya, kwa sababu mwezi wake haujaisha.