Panya Naye Alindwe

Juzi, kwenye kaunta ya ofisi ya wanyamapori hapa Garsen, mama mmoja wa kijiji cha Wema alikuja kumshtaki mnyama aliyemmalizia mbegu za mpunga.

"Kiboko?" afisa akauliza.

"Panya. Mafuriko yalipotuhamisha, alihama nasi ndani ya godoro."

Afisa akacheka, akaonyesha picha ya kima adimu wa Mto Tana ukutani. "Mama, sisi twalinda wanaopungua, kama huyu. Panya yuko kila penye nyumba ya mtu."

Mama akakaza leso kiunoni. "Huyu mwamlinda tangu nikiwa msichana, na bado apungua?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mwanangu, nakuomba, mlindeni panya pia."

Mimi nyumbani nina paka, mtego na sumu, na panya wananenepa. Kesho natundika picha yao ukutani.