Kuku Niliyemleta Kutoka Soin

Nilimnunua yule kuku Jumatano moja, kando ya barabara ya Soin, nikirudi kutoka kumwona shangazi yangu. Alikuwa mweusi, shingo haina manyoya, na kila unyoya wa mgongoni ulikuwa na ukingo mwembamba wa kijani uliong'aa jua lilipompiga. Aliyemuuza alikuwa amemshika miguu, kichwa chini. Nilimwambia amgeuze, asimwumize. Nilipomweka kwenye katoni, tayari nilikuwa nawaza vile wenzangu watakavyomtazama Jumamosi.

Wenzangu ni kikundi cha nyumba saba hapa Kapkatet, watu tunaofuga kuku kwa kuwapenda tu. Mimi ni fundi, nashona yunifomu za shule. Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu. Yuko pia mama mmoja anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni, aliyekuja huku kutoka upande wa ziwa akiwa msichana na hakurudi tena. Kila mwezi tunakutana kwa mmoja wetu, kila mtu na kikapu chake. Tunabadilishana majogoo na mayai ya kuangua, tunabishana juu ya rangi, tunakunywa chai mpaka birika liishe.

Mwalimu alituandikia sheria. Ya kwanza ilisema kuku mgeni akae peke yake wiki mbili kabla hajakaribia kuku mwingine yeyote. Mimi ndiye niliyeisoma kwa sauti mbele ya wote, mwaka jana, kwa kuwa nilikuwa na miwani.

Jumamosi hiyo zamu ilikuwa yangu. Wiki mbili hazikuwa zimefika. Zilikuwa siku tatu. Nilimtoa yule mweusi nikawaambia nimekuwa naye muda. Alizunguka kutoka mkono hadi mkono. Mama wa omena ndiye aliyemshika kwa muda mrefu zaidi, akampuliza kifuani ili aone ngozi.

"Fundi," akasema, "huyu umemshona wewe?"

Tukacheka. Alipoondoka, nilimpa mtetea wangu mmoja aliyekuwa anataka kuatamia, akamlalie mayai nyumbani. Alimbeba ndani ya leso yake, kichwa kimetokeza chini ya kwapa.

Jumatatu asubuhi yule mweusi alikuwa amejikunyata pembeni mwa banda, macho yamefumba, manyoya yamesimama. Chini yake kinyesi kilikuwa cha kijani, kama majani yaliyopondwa. Nilijiambia ni baridi. Soin kuna joto. Huku kwetu ukungu unakaa juu ya majani chai mpaka saa nne. Jumanne nilimkuta amekufa. Nikachukua jembe nikamzika nyuma ya mgomba kabla mume wangu hajarudi kutoka kupeleka maziwa.

"Yule mweusi yuko wapi?" akaniuliza.

"Amekufa. Baridi."

Alinitazama, akaendelea kukamua maji kwenye kitambaa cha ndoo.

Saa saba mchana huohuo ujumbe uliingia kwenye simu, katika kikundi chetu. Mwalimu alikuwa amechanja kuku wake dhidi ya kideri, ule ugonjwa unaomaliza banda zima, na chanjo ilikuwa imebaki. Ile dawa ikishachanganywa haikai, jioni inamwagwa. Aliuliza nani anataka aje haraka na kuku wake. Mmoja alijibu atakuja. Mama wa omena aliandika kwamba yuko na wateja, wake watangoja mwezi ujao.

Nilisoma maneno hayo nimesimama mlangoni. Udongo wa kaburi la yule kuku ulikuwa bado kwenye kucha zangu. Nilijua jina la ugonjwa. Nilikuwa nimelijua tangu Jumatatu, ila nililisukuma kila lilipokuja. Niliandika, "Mama, nenda tu leo." Nikawaza ataniuliza kwa nini. Nikayafuta. Saa kumi mwalimu akaandika kwamba amemwaga iliyobaki.

Siku zilizofuata niliishi na hofu ambayo sikuwa nimewahi kuijua, na mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nimejifungua mara nne, nimezika mama yangu. Nilikwenda bandani kila saa. Nilinyanyua mbawa, nikafungua midomo, nikasikiliza vifua kama daktari. Kuku akipiga chafya, nilimshika nikamkagua upya. Wenzangu waliendelea kutuma picha za kuku wao kwenye simu, kama kawaida, nami nilikuwa nazikuza picha hizo mpaka ziharibike, nikitafuta jicho lililosinzia. Dukani nilishona mkono wa shati upande usio wake, mara mbili kwa siku moja. Usiku nilitega sikio kungoja jogoo awike, na alipowika nilishukuru.

Ijumaa hakuwika.

Nilimkuta katikati ya ua, jogoo wangu mkubwa mwenye manyoya mpaka kwenye vidole, shingo imejipinda mpaka uso ukaelekea mawinguni. Alitaka kutembea mbele, akarudi nyuma, akaanguka. Nyuma yake, mitetea watatu walikuwa wamekaa chini bila kujali mahindi niliyowamwagia.

Nilipiga simu kwa mwalimu. Nilibonyeza jina lisilo lake kwanza. Nilimweleza yote, hata siku zile tatu, hata uongo wa Jumamosi. Yote isipokuwa ule ujumbe niliouandika nikaufuta.

"Ulimzika wapi?"

"Nyuma ya mgomba."

"Usitoke hapo. Usiende dukani, usiende kanisani, usimpe mtu hata yai moja. Namleta daktari wa mifugo. Na wengine nitawaambia mimi mwenyewe, sasa hivi."

Daktari alikuja mchana, amefunga mifuko ya plastiki juu ya viatu. Mwalimu alisimama nje ya lango, hakuingia. Mtetea mmoja alikuwa ameshakufa. Daktari alimpasua juu ya gunia akanionyesha ndani ya tumbo madoa mekundu ya damu, madogo kama mbegu za wimbi.

"Ni kideri, mama. Hakina dawa. Hawa waliobaki, wengi wataenda."

Hapo ndipo mwalimu alipoita kutoka langoni, "Na mayai?"

Kwa hofu yote ile, nilikuwa nimeyafanya kama hayapo. Mashine ya kikundi ya kuangulia ilikuwa chumbani kwetu, na ndani yake mayai arobaini ya nyumba zote saba, siku ya kumi na tisa. Bado siku mbili tu yatotolewe. Tulikuwa tumeyaweka kabla yule mweusi hajanunuliwa.

Daktari alifikiri. "Ndani ya ganda vifaranga wako salama. Lakini wakitokea humu ndani, hawana bahati. Wapelekwe mahali ambapo hapajawahi kuingia kuku. Na wewe usiyaguse."

Mahali pekee palikuwa duka langu la kushona. Mume wangu alioga kwa sabuni na maji ya dawa, akasugua mpaka chini ya kucha. Kisha akashindwa avae nini, maana nguo zake zote zilikuwa zimepita bandani. Akavaa suti ya kanisani. Nikamwona akitoka mlangoni mchana ule, tai shingoni, amekumbatia mashine iliyofunikwa blanketi, chupa za maji moto zimepangwa kandokando, akitembea pole pole kuelekea pikapu ya jirani kama mtu aliyebeba mgonjwa. Mimi nilisimama mbali, mikono nyuma.

Kuku wangu walikufa tangu Ijumaa hiyo mpaka Jumatano. Niliwachoma, nikazika majivu. Katikati ya hayo, Jumapili asubuhi, mume wangu alinipigia kutoka dukani.

"Sikiliza," akasema, akaiweka simu karibu na mashine.

Nilisikia vifaranga. Kwanza mmoja, halafu wengi kwa pamoja. Nilikuwa nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, gumboti miguuni, harufu ya manyoya yaliyoungua mwilini mwangu. Sikufurahi. Nilichofikiri ni kwamba sasa kuna wengine tena ambao naweza kuwaua.

"Usirudi hapa," nikamwambia. "Lala huko huko." Na kweli alilala dukani siku tisa, juu ya vitambaa vya sare.

Jumapili hiyo hiyo, watu walipotoka kanisani, mama wa omena alikuja langoni. Hakubisha hodi, aliita tu, "Fundi!" Nilitoka nikasimama hatua kumi kutoka kwake. Alikuwa na kitambaa chake cheupe cha kanisani.

"Wangu wote wanalala tu," akasema. "Na yule uliyenipa amekufa juu ya mayai. Sikujua amekufa. Nilimwekea chakula siku nzima."

"Nisamehe, mama."

"Mwalimu amesema ulichelewa kusema. Ulijua lini?"

Ningeweza kusema Ijumaa. Neno lilikuwa limekaa tayari mdomoni.

"Jumanne," nikasema. "Jumatatu, hata. Na Jumanne niliona ujumbe wa chanjo. Niliona ulivyojibu. Nilianza kukuandikia, nikafuta."

Gari la majani chai lilipita barabarani, akangoja kelele zake ziishe.

"Soko liko karibu na kwa mwalimu," akasema. "Ningefunga omena nikaenda."

Kisha akaondoka. Nilimwuliza daktari baadaye kama chanjo ya Jumanne ingewaokoa. Alisema labda, labda si wote, huenda walikuwa wameshaambukizwa. Nimelishika neno hilo "labda" kwa miezi mingi na halijanisaidia.

Mama alipoteza kuku wake wote. Nyumba nyingine mbili zilipoteza wachache. Kikundi kilikutana bila mimi, kikaamua nisifuge wala nisihudhurie kwa miezi sita, nami sikubisha. Vifaranga thelathini na mmoja walichanjwa, wakalelewa kwa mwalimu, na wakagawanywa. Mama wa omena alichukua sita. Nilisikia kwamba aliuliza kwanza kama kuna wa mayai yangu, na akaonyeshwa ili awaache.

Miezi ile imepita na nimerudi kikundini. Kuku ninao wanne. Watu hunisalimia vizuri na chai hunywewa kwangu pia, ingawa nimeona wanavyotazama bandani kabla hawajaketi. Siwalaumu. Mimi mwenyewe naamka nikiwa nimekunja ngumi.

Januari, shule zilipokaribia kufunguliwa, mama wa omena aliingia dukani na mjukuu wake. Kulikuwa na mafundi wengine watatu kwenye mtaa ule. Nilichukua futi nikapiga magoti kumpima mtoto kiuno, nikarudia mara tatu. Mama aliona. Aliketi kwenye benchi, akavua kiatu, akakikung'uta mchanga.

"Anakua mbio huyu," akasema. "Uache pindo refu."

Nikaandika: pindo refu.